Kadenasi ya Mama Faida

Ninyi vijana mulioingia kazi mwaka huu pale pisti ya ndege ya Kasongo, nawaona nikipita na baiskeli yangu kwenda shamba. Nawaona nyuma ya ile meza ya kupekua mizigo, jileti mpya za kazi mwilini, munamcheka mama aliyefunga gunia lake kwa kamba tatu na mafundo kumi. Haya, chekeni. Mimi pia nilicheka. Nilisimama kwenye meza hiyo miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, nikifungua mizigo ya watu kabla haijapanda ndege, na kwa maneno hakuna aliyenishinda. Leo maneno yamepungua. Mmoja wenu alikuja juzi kuniuliza, "Papa Deo, siri ya ile kazi ni nini?" Nikamwambia arudi siku nyingine. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nawaza kufuli moja, sisi tunasema kadenasi, ambayo niliikata kwa mkono huu wangu. Kwa sababu ya kadenasi hiyo kuna mama mmoja wa Wamaza, upande wa Kabambare, ambaye hadi leo hakai na watoto wake.

Nitafika huko. Acheni kwanza niseme kazi, maana kazi naweza kuisema bila kusita.

Aliyenifundisha ni Mzee Sumaili, mtu wa Nyangwe, mwembamba, mkavu, asiyependa kurudia neno. Siku yangu ya kwanza aliniacha niingize mkono kwenye gunia la mwalimu mmoja bila kuuliza kitu. Ndani mulikuwa na pilipili ya kusaga na mfuko wake ulikuwa umepasuka. Mimi nikatoa mkono, nikajipangusa jasho machoni. Mungu wangu! Nililia mbele ya abiria wote, ndege ikapaa, mimi bado nimeinamia ndoo ya maji. Mzee Sumaili hakucheka. Aliniambia tu, "Uliza kwanza: papa, mama, ndani iko nini? Kisha mukono." Tangu siku hiyo niliuliza kwanza, isipokuwa siku niliyotakiwa kuuliza kuliko zote.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba begi la zipu halina kadenasi, hata ukilitia kadenasi kubwa ya mlango wa duka. Unachukua kalamu ya biki, unaisukuma katikati ya meno ya zipu, zipu inapasuka kama ganda la karanga. Unaangalia ndani, kisha unapitisha kile kichwa cha zipu, meno yanashikana tena, na mwenye begi hatajua milele. Nilikuwa na biki moja ya buluu kwa kazi hiyo. Wino wake ulikwisha zamani na sikuona haja ya kununua nyingine. Mulikumbuke hilo nitakapofika mbele.

Kuhusu kufunga mizigo, waambieni abiria haya, nanyi muyashike. Ufunguo unakaa shingoni au kwenye pindo la kitenge, hauingii ndani ya begi. Munacheka? Nilimwona katekista mmoja, mtu mwenye akili zake, amefunga valizi lake la safari na funguo zote mbili zimelala ndani juu ya Biblia. Alizunguka lile valizi mara tatu akilisemesha. Kisu, panga na mkasi vinaenda kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, haviendi mkononi. Mchi pia. Bibi mmoja alitaka kukaa na mchi wake kwenye kiti kwa sababu ulikuwa wa mama yake. Tulibishana mpaka piloti mwenyewe akaja kuuchukua kwa heshima na kuulaza nyuma. Magunia yashonwe kwa uzi mrefu unaofumuka, nanyi pale mezani muwe na sindano ya magunia ili muyashone tena. Ukifumua cha mtu, ukishone.

Halafu wakatuletea kile kifimbo cha umeme kinacholia kikiona chuma. Kililia vizuri wiki mbili, betri zikakwisha. Shefu, mkubwa wetu pale pisti, akasema tuendelee kukipitisha, watu wasijue. Tukaendelea. Tulikipitisha juu ya watu mwaka mzima kimenyamaza, sisi tumekunja uso. Siku moja mzee wa Kabambare akaniambia, "Mwanangu, hiyo kitu yako imelala." Nilimfokea. Nikiwaza sasa, naona kwamba pale ndipo tulipoanza kuzoea kufanya upekuzi ambao si upekuzi.

Basi kuhusu kadenasi. Mzee Sumaili alikuwa na sheria yake, na kabla hajaenda kupumzika Nyangwe aliniambia mara mbili, yeye asiyerudia. Usikate kadenasi ya mtu mpaka mwenyewe atamke "kata" mbele ya mtu wa tatu. Ukikata, fungua wazi kabisa, toa kila kitu, andika kila kitu kwenye daftari, wewe utie saini na mwenye mzigo atie kidole. Kisha mpe kadenasi yake iliyokatika na karatasi mkononi. "Kukata si kazi," alisema. "Kazi ni kuandika." Tuliandika miaka yote aliyokuwapo. Alipoondoka daftari likajaa, nikaomba lingine, hawakuleta. Nikaomba tena. Mwishowe nikaacha kuomba. Daftari moja, jamani! Linauzwa sokoni karibu na vitunguu. Ningeweza kulinunua mwenyewe nikitoka kazini.

Kitu kingine mukijue, maana wengine wenu mumekulia mjini. Watu wa Kabambare wana desturi yao ya kusafirisha mzigo, na barabara ndiyo iliyowafundisha. Kutoka huko hadi Kasongo unapita barieri nyingi, na kila barieri kuna mtu anayetaka uufungue mzigo wako, na ukishaufungua hautafungika kama ulivyokuwa. Kwa hiyo wanafunga mzigo nyumbani, halafu ufunguo unatangulia na mtu mwingine, kwa njia nyingine, siku nyingine. Kwenye barieri mwenye mzigo anasema, "Sina ufunguo," na anasema kweli. Wanamzungusha, wanachoka, wanamwachilia. Kwa pikipiki na kwa miguu ni akili kubwa. Kwenye ndege ni mtego, kwa sababu ndege haichukui kisichofunguliwa.

Mimi hayo niliyajua. Lakini nilikuwa nimesikia "sina ufunguo" kila wiki kutoka kwa watu wenye ufunguo kwenye soksi. Sikio likaziba.

Mama Faida alifika asubuhi ya siku ya ndege ya Bukavu, nyuma ya pikipiki, nywele nyekundu kwa vumbi, amevaa nguo ya kilio. Sanduku lake lilikuwa la bati, yale ya zamani yenye pembe za chuma, na kadenasi ya shaba imening'inia mbele. Tukalinyanyua mezani.

"Mama, ufunguo iko wapi?"

"Haiko, papa. Ilishaenda Bukavu na shemeji."

Nikawageukia wenzangu, nikawakonyeza. "Mama, hapa si barieri. Hapa ni ndege. Toa ufunguo."

"Kweli ya Mungu, sina. Bwana yangu alikufa. Hivi ni vitu vyake. Ni mudogo wake alifunga mbele ya jamaa yote, akachukua ufunguo na watoto wangu wawili, akatangulia nao juu ya masomo, waingie shule kule. Mimi nilibaki kumaliza siku za kilio. Jamaa yote inangojea, watafungua pamoja."

"Basi nitakata, mama. Hakuna njia."

Akaweka mikono yote miwili juu ya kadenasi. Mikono yake ilikuwa na nyufa za jembe, naiona mpaka leo. "Usikate, papa! Wakiona imevunjika watasema niliiba. Wananiangalia vibaya tangu musiba. Watoto wangu wako kwao. Tumupigie kwanza shemeji simu, asikie kwa masikio yake kama ni ninyi munakata."

Hilo tu ndilo aliloomba. Rezo ya simu ilikuwa inashika mahali pamoja, pale kwenye kichuguu mwisho wa pisti. Kwenda na kurudi ni muda wa kuvuta sigara moja. Lakini piloti alikuwa ameshawasha injini moja, ananipungia mkono, shefu anapiga kelele, jua linachoma, na mimi nilikuwa na njaa. Ndiyo, njaa. Sitawadanganya kwamba kulikuwa na sababu kubwa.

Nikaondoa mikono yake. Nikachukua koleo la chuma, nikakata. Nikainua pembe ya kifuniko kiasi cha kupitisha mkono, nikaupitisha, nikashika nguo za pembeni, nikautoa. Nikalifunga sanduku kwa kamba yangu, fundo langu mwenyewe, nikalisukuma kwa wapakiaji. "Umeona, mama? Hata dakika haikupita. Mwambie shemeji nitamununulia kadenasi mupya." Wenzangu wakacheka. Kadenasi iliyokatika ilikuwa imeanguka chini ya meza. Niliiokota baadaye na kuitia mfukoni, bila kuwaza kitu.

Sheria ya Mzee Sumaili ilikuwa na mambo manne: neno la mwenye mzigo, kufungua wazi, kuandika, kumpa karatasi. Sikufanya hata moja.

Alirudi kabla ya majira ya mvua kuanza. Nilimwona kwa mbali anakuja kwa miguu kutoka barabarani, peke yake, nikajua. Kule Bukavu shemeji alilipokea sanduku uwanjani kwa mkono wake, akaona kamba badala ya kadenasi. Walipolifungua nyumbani, saa ya mkono ya marehemu haikuwamo, saa ambayo baba yao, yeye na shemeji, alimwachia kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Shemeji akaapa kwamba aliiweka mwenyewe. Wakasema Mama Faida ndiye mwizi, na mwizi halei watoto wa kaka yao. Akarudishwa Wamaza. Sasa alikuja kuomba karatasi inayosema kwamba ni sisi tuliokata.

Najua haya yote kwa sababu niliyasikia kupitia mbao za stoo. Nilikuwa nimejificha humo. Nilimwambia mwenzangu aseme nimeenda Nyangwe. Shefu akamjibu mama yule, "Karatasi ya leo kwa siku ya zamani? Nani atatia saini?" Naye akauliza, "Papa Deo atarudi lini?" Wakamwambia hawajui. Akakaa kwenye benchi akinisubiri mpaka jua lilipohama, na mimi nilikaa kati ya magunia ya karanga, jasho linanitoka, sitoki. Mtu mzima, baba wa watoto sita. Nawaambia aibu hiyo kwa sababu hakuna mwingine atakayewaambia.

Miaka miwili baadaye, mimi nimeshapumzika kazi, Mama Faida alinikuta nyumbani. Hakunitukana. Mke wangu alimpa muhogo, akala kidogo, akasema, "Papa Deo, jamaa wamekubali kusikia mutu mumoja. Ulikuwa pale. Twende ukaseme." Sikuweza tena kukimbilia stoo. Nilimwambia sawa.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Miaka yote nilizipakia, sikuwahi kukaa ndani. Kijana wa mezani, ambaye nilimfundisha mwenyewe, alipekua kifuko changu, akakuta ile kadenasi iliyokatika. "Hii ya nini, papa?" Nikamwambia ni dawa. Hakuuliza tena, alipitisha kile kifimbo kilicholala akanisukuma mbele.

Kule Bukavu walitukalisha sebuleni. Jamaa wa marehemu walikuwa wanane, na mkubwa wao alikuwa baba mdogo wa marehemu, mzee mpole mwenye miwani. Shemeji alikaa karibu na mlango. Watoto wawili, msichana na mdogo wake wa kiume, walisimama nyuma ya pazia, nilikuwa naona miguu yao. Nikatoa kadenasi nikaiweka mezani. Nikasema, "Ni mimi nilikata. Mama huyu alinikataza."

Wakaangaliana. Nikaona uso wa Mama Faida unafunguka kidogo. Mzee mwenye miwani akasema, "Aksanti, papa. Umesema vizuri. Sasa tuambie: ulipofungua, ile saa ilikuwa mu ndani?"

 Nikaona mbele yangu njia mbili. Nikisema kweli, kwamba niliingiza mkono tu bila kuangalia, basi mkono pekee ulioingia ndani ya sanduku lile ni wangu, na mwizi ni mimi. Tena watajua kwamba nilivunja kadenasi ya marehemu kwa upekuzi ambao sikuufanya. Nikisema niliangalia vizuri na saa haikuwamo, mama anapona na mimi napona. Nilifikiri namsaidia. Naapa, nusu ya moyo wangu ilifikiri hivyo.

"Haikuwamo," nikasema. "Nilitoa kila kitu, nikaangalia, nikarudisha. Hakukuwa na saa."

"Uliangalia vizuri?"

"Ni kazi yangu, mzee."

Akavua miwani akaipangusa. "Basi nikumbushe, papa. Ulipoinua kifuniko, juu kabisa uliona nini?"

Nikakumbuka nguo mkononi. "Mashati," nikasema. "Mashati na kitenge."

 Shemeji akainama, akashika kichwa. Mzee akavaa miwani yake taratibu. "Papa," akasema, "juu kabisa tuliweka picha yake. Picha kubwa, mu kioo, uso unaangalia juu. Mutu akifungua lile sanduku, wa kwanza kumuona ni mwana wetu." Kisha akamgeukia Mama Faida. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Muke wetu, umetuletea mutu wa kusema uongo."

Kikao kikaisha pale. Yule msichana alitoka nyuma ya pazia akamletea mama yake kikombe cha maji. Mama akakishika pamoja na mkono wa mtoto, wakakaa hivyo, mpaka mtu akamwita mtoto ndani.

Nje, barabarani, nilitaka kupiga magoti. Mama Faida aliniambia nisimame, watu wanaangalia.

"Nilitaka kukusaidia," nikasema.

"Papa Deo, nilijua hukuangalia. Nilikuwa mbele yako. Ulifungua pembe tu, ukafunga, ukaweka fundo, sanduku likaenda ku ndege, na huku shemeji akalipokea mwenyewe. Mikono yangu haikugusa. Ni hiyo nilikuleta useme."

 "Kwa nini hukunieleza hivyo kabla, mama?"

"Nilikuambia twende ukaseme," akajibu. "Nilifikiri inatosha." Akajifunga kitenge chake vizuri na kuanza kutembea. Hatukuketi pamoja kwenye ndege ya kurudi.

Kama saa ile ilikuwamo au haikuwamo, sijui. Kama shemeji aliichukua, sijui. Ningejua kama ningeinua kifuniko chote siku ile. Picha ile ingeniangalia, mimi ningeogopa kidogo, ningeandika, na mama yule angekuwa anawapikia watoto wake sasa hivi.

Kwa hiyo wewe kijana uliyekuja kuuliza siri, rudi, nipo. Nimewanunulia daftari sokoni na biki yenye wino. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika: sanduku moja la bati, mali ya Mama Faida wa Wamaza, kadenasi nilikata mimi, mwenyewe alinikataza na hakugusa, ndani sikuangalia. Nimetia saini. Nakala moja nimempelekea yule mzee wa Bukavu na bado hajajibu. Ninyi muanze ukurasa wa pili.